Kimya cha Nyumba ya Koko

Ulianza kama mluzi. Ulikuwa mluzi mwembamba, uliopanda na kushuka kwa utaratibu, kana kwamba mtu anapuliza mdomo wa chupa tupu nyuma ya ukuta. Niliusikia kwenye hedfoni, masika yakielekea ukingoni, ndani ya nyumba ya bibi mmoja huko magharibi mwa Mlima Meru, na nilichofanya ni kuinua mkono na kusema, "Samahani jamani. Tunarudia."

Nieleze kwanza tulichokuwa tukirudia. Tulikuwa tunapiga filamu, nami ndiye niliyekuwa mrekodi sauti. Kila tukio linapokamilika, kabla mtu hajakunja waya wowote, huwa tunarekodi kimya cha mahali pale. Kila mtu husimama alipo, hasemi, hasogezi mguu, nami narekodi ule utupu ili baadaye, wakati wa kuhariri, pawepo kitu cha kuziba mianya kati ya maneno. Asiyeijua kazi hii hudhani kimya ni kimoja duniani kote. Sivyo. Nyumba ya Koko, yenye kuta za udongo na paa la bati, ilikuwa na kimya chake: migomba nje, ng'ombe akitafuna, kuni zikipoa jikoni. Siku ile kimya hicho kilikuwa na mluzi.

Tulirudia, mluzi ukarudi. Elibariki, mwongozaji wetu, kijana wa Daraja Mbili aliyejifunza kamera kwa kupiga video za harusi, aliamuru kuku wafukuzwe. Kuku wakafukuzwa, mluzi ukabaki. Tukazima simu zote. Shabani, mwigizaji wetu mkuu, akapanda juu ya ndoo kukagua kama kuna upepo unaopita kati ya ukuta na bati. Mimi, ambaye nimesomeshwa kuondoa dhana moja baada ya nyingine mpaka ibaki iliyo kweli, niliondoa upepo, nikaondoa ndege, nikaondoa waya mbovu, nikabadilisha betri za rekoda. Mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi kwa lugha ya kwao, alikuwa ameketi kwenye kigoda akitutazama kama mtu anayetazama watoto wakimtafuta mbuzi aliyesimama nyuma yao.

"Mnatafuta nini hasa?" akauliza.

"Kuna kitu kinapiga mluzi, Koko," alisema Elibariki.

"Si huyo mwenye masikio makubwa?" Alininyooshea kidole, mimi na hedfoni zangu. "Tangu asubuhi anapumua kama birika. Nilidhani ndiyo kazi mliyomletea."

Wote walicheka. Nami nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kwisha.

Naandika haya nikiwa nimepona kifua kikuu. Filamu nayo imekamilika na imeonyeshwa katika ukumbi mmoja wa Ngarenaro uliojaa mpaka mlangoni. Inahusu watu watatu waliojeruhiwa na jambo moja: Lazaro, dereva wa lori lililopinduka na kumuua mdogo wake, mjane wa marehemu, na mama yao, aliyepoteza mtoto mmoja barabarani na mwingine kwa aibu, maana Lazaro alikimbia asionekane nyumbani tena. Mwishoni anarudi, anapiga magoti, na mama yake anambariki. Watu hulia hapo. Nimeketi kati yao gizani nikiwasikia wakivuta kamasi, na nimetamani kusimama niseme: kisogo hicho mnachokililia ni changu. Sijasimama. Basi naandika.

Naandika hasa kwa ajili yako uliyeketi leo kwenye benchi la kliniki ukijifanya umepita tu. Sitakueleza habari za vijidudu. Watakueleza kliniki, tena vizuri kuliko mimi. Nitakueleza yale niliyokuwa nikiyahitaji na sikupata wa kuniambia.

Benchi letu lilikuwa nje, chini ya paa lisilo na kuta, kwa kuwa wenye kifua huketishwa penye hewa. Ni utaratibu mzuri na ni mateso, maana kila mama anayempeleka mtoto kliniki hupita mbele yako, na Arusha si mji mkubwa kiasi hicho. Wengine walivuta kofia. Dada mmoja alifunua gazeti lilelile kila wiki. Palikuwa na mzee nadhifu, mwenye tai, aliyetusalimu wote kwa heshima na kutangaza, bila kuulizwa, kwamba amemsindikiza ndugu yake. Ndugu hatukumwona kamwe. Mzee aliitwa, akaingia, akatoka na dawa, akasema, "Haya, ngoja nimpelekee." Hakuna aliyemcheka. Hiyo ilikuwa rehema ya kwanza niliyoishuhudia mahali pale, na ilitolewa na watu waliokuwa wagonjwa kuliko mimi.

Kabla ya dawa kulikuwa na kipimo. Nilipewa kikopo chenye mfuniko, nikaelekezwa nyuma ya jengo, juani, nikohoe kutoka ndani kabisa. Si jambo dogo, mtu mwenye shahada moja na nusu kusimama kando ya ua wa michongoma akijaribu kutoa makohozi yaliyo bora. Nilirudi kuuliza kama yanatosha. Nikarudi kuuliza kama si mate matupu. Niliporudi tena, muuguzi, Sista Rehema, aliweka kalamu chini.

"Dada yangu, unasoma?"

"Shahada ya uzamili, Sista. Sanaa za maonyesho."

"Nimejua. Haya hayasahihishwi, yanapimwa. Nipe."

Majibu yalipotoka alisema sentensi mbili: kwamba nina kifua kikuu, na kwamba kinatibika na nitapona. Nilisikia ile ya kwanza. Ile ya pili ilinifikia baada ya majuma kadhaa, nikiwa naosha vyombo. Kama na wewe umesikia moja tu, usijilaumu. Nyingine iko njiani.

Nyumbani, Kimandolu, tulikuwa watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Upendo, aliyekuwa mjamzito wa mtoto wake wa kwanza. Mumewe huendesha watalii na wakati ule alikuwa porini, hivyo Upendo alikuwa amekuja kwetu na tukilala chumba kimoja, kama utotoni. Alipimwa, Mama akapimwa, wote wakaonekana wazima. Lakini habari ilikwishafika Tengeru kwa wakwe zake, na mama mkwe wake akaja na gari kumchukua.

Sina kinyongo naye. Mjukuu alikuwa anakuja. Nakumbuka tu kwamba alizungusha kanga kwenye kiganja kabla ya kushika kitasa cha mlango wetu. Upendo alitoka akilia, amebeba mto wake. Gari lilipoanza kurudi nyuma alishusha kioo.

"Dada! Huyu mtoto utamshika wewe kanisani! Umesikia? Siku ya ubatizo utamshika wewe, hakuna mwingine!"

Nilikuwa nimesimama dirishani na barakoa usoni. Nilipunga mkono tu. Maneno yale hayakutoka tena kichwani mwangu, na kila nilichokipitia baadaye nilikipima kwayo: je, nitaweza kumshika?

Miezi ya kwanza ya dawa iliangukia kwenye kipupwe, wakati ukungu unapoteremka kutoka mlimani na Meru yenyewe hupotea kama vile haijawahi kuwapo. Msimamizi wangu wa dawa alikuwa Mama. Kliniki hutaka mtu wa kuhakikisha umemeza, na Mama alifundisha shule ya msingi maisha yake yote. Hawakujua wamempa cheo mtu wa namna gani. Kila asubuhi, kabla sijala, aliketi mbele yangu na glasi ya maji.

"Meza."

Nikameza.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Mama, mimi si darasa la pili."

"Darasa la pili walikuwa wananitii."

Mwili ulibadilika kwa namna ambazo sikuzitarajia. Mkojo ulitoka na rangi ya soda ya machungwa, jambo ambalo nilikuwa nimeonywa. Sikuonywa kwamba machozi nayo yanaweza kupata rangi. Siku moja nililia, bila sababu ya maana, harufu ya ugali ilinichefua tu, na kitambaa cheupe cha Mama kikabaki na doa la rangi ya chungwa. Mama alikitazama, akakianika hivyohivyo bila kukifua. "Ni ushahidi kwamba dawa imefika kila mahali," alisema. Sketi zangu zilizunguka kiunoni zenyewe. Nywele zilikatikakatika mpaka nikamwomba Mama anyoe zote. Nilipojaribu hedfoni, niliona zinateleza hadi shingoni. Kichwa changu mwenyewe kilikuwa kimepungua, au ndivyo nilivyodhani. Nilizikaza mpaka mwisho, nikaziweka kabatini.

Nilitengewa pia kikombe. Mama alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe cha bluu, akasema hiki ni chako. Alikifunga kwa upole, akageuka haraka. Nadhani uzi ule ulimwumiza kuliko ulivyoniumiza mimi.

Kipupwe kilipoisha nilipimwa tena. Makohozi yalikuwa safi. Sista Rehema aliniambia kuanzia sasa siambukizi mtu, naweza kukaa na watu, kula nao, kulala nao chumba kimoja, ila nisiache dawa hata siku moja mpaka nimalize. Nilimwuliza kuhusu vijiko. Nikamwuliza kuhusu kuimba karibu na mtu. Nikamwuliza, kwa mfano tu, kuhusu mtoto mchanga.

"Mtoto gani?"

"Kwa mfano tu."

"Kwa mfano tu," alisema, "mpakate."

Juma hilohilo yule mzee wa tai alitoka ndani, akasimama mbele ya benchi letu, akavua kofia. "Ndugu zangu," alisema, "ndugu yangu amemaliza dawa. Amepona kabisa." Tulipiga makofi. Dada wa gazeti alilikunja, akasimama kumpa mkono. Mzee alitushika mikono sote, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwangu alininong'oneza, "Alinituma niwashukuru." Sijawahi kujivunia kundi la watu kama nilivyojivunia lile benchi.

Mijakaranda ilipochanua na barabara za mjini kujaa maua ya zambarau, Upendo alijifungua mtoto wa kike. Mama mkwe wake alikuja kutuletea taarifa rasmi, kama desturi inavyotaka. Aliketi kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango. Mama alimkaribisha chai.

"Asante, nimekunywa nyumbani."

"Basi maji."

"Maji pia nimekunywa."

Nilikuwa mezani na kikombe changu cha bluu, chai imefika nusu. Mgeni alisema mtoto mzima, mama yake mzima, Mungu ni mwema. Kisha akapunguza sauti. "Kuhusu ubatizo, sisi tumeona msimamizi awe wifi yake, yule aliye benki. Upendo analazimisha, lakini ni mzazi mchanga, hajui. Hali yenyewe mnaielewa."

Mama alinyoosha mkono, akachukua kikombe changu. Aliung'ata ule uzi mwekundu, akaukata kwa meno, akauweka juu ya meza mbele ya mgeni. Halafu akanywa chai yangu, taratibu, mpaka mwisho, na akageuza kikombe kuonyesha kwamba kimekwisha.

"Huyu mwanangu hajui kutia sukari," alisema. "Samahani mama, sikukusikia vizuri. Umesema msimamizi ni nani?"

Mgeni alitazama uzi. Alisema watazungumza zaidi. Alipoondoka, Mama aliosha kikombe kile pamoja na vingine, na sikuwahi tena kujua ni kipi kilikuwa changu.

Ungedhani hapo nilipona. Mimi pia nilidhani. Lakini hofu yangu ilikuwa imesoma sana. Upendo alituma picha za mtoto. Nilizikuza mpaka nikahesabu kope. Alipiga simu, nikaiacha iite, kisha nikamjibu kwa ujumbe wenye aya na nukta zote mahali pake. Aliandika kwamba mchungaji anauliza tarehe, kwamba mama mkwe anasukuma, kwamba yeye amewaambia mtoto hatabatizwa mpaka Dada yake amshike. "Wewe sema tu," aliandika. Nami sikusema. Nilijua alichosema Sista Rehema. Nilijua alichofanya Mama. Hata hivyo kila nilipofikiria kuuinamia uso wa mtoto, nilisikia ule mluzi. Nilijiambia nitangoja nimalize dawa. Vuli ikanyesha, nikamaliza, nikapimwa, nikaambiwa nimepona. Nikajiambia nitangoja kidogo tena, kwa uhakika, bila kujua uhakika wa nini. Upendo aliandika kwamba wameamua: ubatizo ni Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, na nisipojibu, atakayemshika ni wifi.

Ujumbe huo niliusoma nikiwa ndani ya gari la Elibariki, tukirudi kwa Koko.

Filamu ilikuwa imebakiza tukio moja, lile la baraka, Shabani akiwa Lazaro na Koko akiwa mama yake. Elibariki alikuwa amekataa kuajiri mrekodi mwingine. "Nimeuzoea mluzi wako," aliniambia. Tulikuta njia imeoshwa na mvua, mlima uko wazi hadi kileleni, na Koko amevaa shanga zake zote. Alikuwa ameambiwa ndiyo siku ya mwisho, akawa ameamua kuonekana.

Kwa Waarusha, kijana humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, na mkubwa hukigusa. Mara ya kwanza nilikuwa nimempelekea Koko kichwa changu kama kila mtu. Safari hii nilisimama mlangoni, nikasema, "Shikamoo Koko," nikajishughulisha na waya.

"Marahaba," alijibu. "Nyie, huyu wa masikio leo hajaniletea kichwa."

Tulipanga tukio. Shabani alipiga magoti mbele ya kigoda, shuka jekundu mabegani, mgongo kwa kamera. Koko alipaswa kunywa funda la maziwa kutoka kwenye kibuyu, kumpulizia kichwani pamoja na mate, kama wazee wanavyobariki, na kutamka maneno. Elibariki akasema tuanze. Koko hakuinua kibuyu.

"Siwezi."

"Umesahau maneno, Koko?"

"Nisahau mimi? Huyu kaua ndugu yake."

"Koko, huyu ni Shabani. Hajaua hata mbu."

"Najua ni Shabani, nimemlisha hapa loshoro hadi akalala. Ndiyo maana siwezi. Huyu hana shida yoyote."

"Hebu sikia," Elibariki alisema, akichuchumaa. "Kwenye lile tukio la msiba ulilia vizuri sana. Mji mzima utalia. Hapa ni vilevile, unaigiza tu."

"Machozi ni yangu," Koko alisema. "Nayatoa nipendavyo. Baraka si yangu, ni ya Engai, ni ya Mungu, mimi ni mdomo tu. Mate yangu hayajui kuigiza. Nikiyatema kwa uongo leo, siku mjukuu wangu akiniletea kichwa nitamtemea nini?"

Elibariki alikuwa na jibu: chupa ya plastiki ya kupulizia maji. Alijificha pembeni, nje ya picha, akampulizia Shabani kichwani huku Koko akiwa ametuna mashavu.

"Aaa!" Koko alipiga goti kwa kiganja. "Unamnyoosha kama shati? Mletee na pasi basi!"

Shabani alianguka kwa kicheko, shuka likamvuka. Tulipotulia, Koko alikuwa hanitazami tena kama mtu wa masikio. Alinitazama shingo.

"Leteni huyo," alisema. "Huyo ana haja."

Elibariki alinigeukia, akanipima kwa macho ya kazi. Nilikuwa na kichwa kilichonyolewa, shingo iliyokonda, mabega ambayo hayajarudi bado. "Kwa nyuma," alisema polepole, "wewe ndiye Lazaro aliyerudi. Shabani anaonekana ametoka kula."

"Nimetoka kula kweli," alisema Shabani.

Nilikataa. Nilisema mimi ni fundi sauti. Nani atashika maiki? Shabani aliichukua mkononi mwangu. Nilisema nilikuwa mgonjwa. Koko akasema anajua, yeye ndiye aliyeusikia ugonjwa kabla yangu. Nilisema si vizuri mate, mimi nimetoka kwenye kifua, nilikuwa nikimaanisha nini hata sijui, maana mate yalikuwa yake na mwenye kifua nilikuwa mimi.

"Umepona au hujapona?" aliuliza Koko.

Ni swali ambalo sikuwa nimelijibu kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimeambiwa na Sista, nimeambiwa na Mama. Watu wote walingoja. Rekoda ilikuwa inarekodi.

"Nimepona," nilisema.

"Basi leta kichwa."

Nilipiga magoti. Shuka la Shabani lilikuwa bado na joto lake. Nilisikia maziwa yakitikisika ndani ya kibuyu, kisha funda, kisha umande wa vuguvugu ukaniangukia utosini, kwenye masikio, ukateremka nyuma ya shingo. Miezi yote ile nilikuwa nimefundishwa kugeuza uso, kuziba mdomo, kufunika kikopo. Na hapa mtu alinipulizia alichonacho mdomoni, kwa makusudi, kama zawadi. Alisema kwa lugha yake kwamba Engai anipe pumzi ndefu, anipe watoto wa kuwashika, anirudishe nyumbani. Kila sentensi ilijibiwa na jirani zake waliojazana mlangoni: "Naai." Na sauti moja juu ya kichwa changu, karibu kabisa na maiki, ikajibu, "Amina." Ilikuwa ya Shabani, mtoto wa Kiislamu wa Ngarenaro. Elibariki alitaka kuiondoa kwenye kuhariri. Nilimwambia akiiondoa, na jina langu aliondoe. Ipo mpaka leo. Ukiitazama filamu, isikilize.

Koko alinigusa kichwa kwa kiganja chote, akakisukuma kidogo, kama mtu anayefunga mlango ulio imara. "Nenda," alisema kwa Kiswahili. "Na picha yangu muikate upande huu, mbakize huu mwingine wenye jino."

Kilichobaki kilikuwa kimya. Nilijifuta uso, nikavaa hedfoni. Zilinikaa vizuri, ilinibidi hata kuzilegeza. "Jamani, kimya cha nyumba," nilisema, na wote wakaganda walipo, Elibariki mguu mmoja hewani, Shabani na shuka lake, Koko mikono mapajani. Nilifungua maiki.

Migomba. Ng'ombe. Kuni. Tone la maji likianguka kutoka kwenye bati hadi kwenye ndoo. Nilisikiliza nyuma ya hayo, mahali pale ambapo ule mluzi ulikuwa ukikaa. Nilivuta pumzi kwa makusudi, ndefu, niliyoombewa. Haikuacha alama yoyote. Kilikuwa kimya safi kuliko vyote nilivyowahi kurekodi, na mimi nilikuwamo ndani yake, nikipumua.

"Tumepata?" Elibariki aliuliza.

"Tumepata."

Nilitoka nje kabla waya hazijakunjwa. Mlima ulikuwa umesimama wote, bila wingu. Maziwa yalianza kukauka shingoni na kuvuta ngozi, sikuyafuta. Nilipiga simu. Haikuita hata mara mbili.

"Nani amekufa?" alisema Upendo.

"Hajafa mtu. Ni mimi."

"Najua ni wewe, ndiyo maana nauliza. Wewe hupigi simu. Wewe huandika barua kama ofisi ya ardhi." Kisha sauti yake ikashuka. "Dada, kuna nini?"

"Jumapili nitamshika mimi."

Nilimsikia akiketi.

"Mwambie mchungaji. Mwambie wifi asante, akae na sisi mbele. Na mama mkwe wako mwambie nitakuja mapema nimsalimu, nitakunywa chai kwake. Upendo? Nitamshika kwa mikono yangu, nitambusu na uso wote."

"Umesema mwenyewe," alisema, na nikasikia kwamba analia. "Sikukulazimisha."

"Nimesema mwenyewe. Yuko wapi?"

"Hapa kifuani kwangu, amelala. Unataka kumsikia? Ngoja."

Simu ilikwaruza nguo. Niliziba sikio la pili kwa kiganja, kama nifanyavyo kazini, nikafumba macho. Pumzi yake ilikuwa ndogo, yenye haraka, nyeupe kabisa, haikuwa na mluzi wala mkwaruzo. Na yangu iliishika, ikaenda nayo.

"Dada?" Upendo aliita kwa mbali. "Upo?"

"Nipo," nilisema. "Usiiondoe simu."